Bugenvilia ya Rangi Mbili

Jambo lote lile lilitugharimu bugenvilia moja, ukuta wa choo, na urafiki wa jirani ambao, kusema kweli, ulikuwa umeshachakaa kabla hatujaupoteza. Naanza na bei kwa sababu ndivyo nilivyozoea. Nauza bitenge hapa Dilala, na mteja anayeshika kitambaa muda mrefu bila kuuliza bei huwa hanunui. Nisingependa nanyi mnishike hivyo.

Kilichonirudisha huko ni sauti. Bugenvilia haina harufu. Mtu akikuambia aliinusa akakumbuka utoto wake, huyo usimuuzie kwa mkopo. Lakini sauti inayo. Maua yake yakikauka hayaozi kama ya miti mingine. Yanabaki na umbo lake, mepesi, na upepo wa mwezi wa saba unayasukuma juu ya saruji yakikwaruza, kama mtu anayefungua karatasi ya pipi katika chumba cha pili akidhani humsikii. Nilikuwa natandika kitanda juzi nikaisikia sauti hiyo barazani, nikakaa chini na shuka mkononi, nami nikawa tena Musonoi, mtaa wetu wa zamani hapa Kolwezi, nina miaka kumi hivi, miguu imepauka kwa vumbi.

Nyumba yetu ilikuwa moja ya zile za zamani za kampuni, za matofali, zilizopangwa kwa mstari, kila moja na lupango lake, yaani kiwanja na ua wake. Nyuma ya mstari wa mwisho ndipo yalipoanza mashimo makubwa ya shaba. Vumbi la mashimo lilikuwa kama ndugu aliyekuja kutembea akasahau kurudi kwao: lililala kwenye vyombo, kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye kope za mbuzi. Mama alikaanga mikate ya mafuta na kuiuza kando ya barabara, na kila asubuhi kabla ya kuwasha moto alifagia lupango lote mpaka ardhi ikabaki na mistari ya ufagio, mizuri, kama kichwa kilichosukwa. Baada ya saa moja vumbi lilikuwa limerudi. Hakuwahi kulilalamikia. Alisema tu kwamba na lenyewe linatafuta mahali pa kulala.

Kwetu baba ni tata, na Tata alikuwa karani wa mizigo kwenye gare, kituo cha treni, ya Tenke. Alilala kule, katika nyumba ya reli, akija Kolwezi mwisho wa mwezi kwa treni ya mizigo, kama treni ilipenda kuja. Mshahara wake nao ulikuwa na tabia ya treni hiyo. Safari moja, mimi nikiwa bado mdogo wa kubebwa, alishuka na kopo la maziwa ya unga ameliweka mapajani njia nzima, na ndani ya kopo kuna kijiti chenye majani matatu ya kusikitisha. Alikikata kwenye kichaka kikubwa kilichokuwa nyuma ya ile nyumba yake ya Tenke. Mama alinisimulia maneno yao mara nyingi, akiigiza sauti zote mbili.

“Hii itakuangalizia mulango,” alisema Tata.

“Iko muzuri,” alisema Mama. “Na weye, utaangalia nini?”

Tata alicheka, akachimba kishimo kwa kisu cha jikoni kando ya mlango, akapanda. Mama alimwagilia kile kijiti maji ya kuoshea mchele, kisha maji ya kuogea watoto, na katika kiangazi kikali maji safi ya kunywa, huku akisema hajui kwa nini anajisumbua. Nilipoanza shule kilikuwa kimeshapanda ukutani, kimefika kwenye bati, na kimeanza kujitupa mbele kama nywele za mtu aliyetoka kuoga. Miezi ya baridi, wakati kila kitu Musonoi kina rangi ya vumbi, mlango wetu ulikuwa umewaka rangi ya waridi iliyokolea. Watu wakielekezwa kwetu waliambiwa hivi: nenda mpaka uone rangi.

Tata akija alinikalisha juu ya ndoo iliyopinduliwa akanifundisha. “Ile unaona yenye rangi, haiko maua. Ni majani yenye kuvaa nguo ya fête, ya sikukuu. Maua yenyewe njo kale kadogo, ka katikati, keupe.” Nilichungulia. Kweli, ndani ya kila karatasi tatu za waridi kulikuwa na kijitarumbeta chembamba, na mdomo wake umefunguka kama nyota. Siku iliyofuata niliuza habari hiyo shuleni kwa nusu ya muwa.

Kisha, katika kiangazi kimoja, tawi moja la upande wa jikoni likatoa maua meupe.

Hayakuwa waridi iliyofifia. Yalikuwa meupe kabisa, kama shati la komunyo ya kwanza, kwenye shina lilelile, yakigusana na ya waridi. Aliyeyaona kwanza ni jirani yetu, Mama Bijou, aliyekuja kuomba makaa ya moto kama alivyokuja kila asubuhi, maana alikuwa na imani kwamba kiberiti cha mtu mwingine ndicho kinachowaka vizuri. Alisimama na kipande cha sufuria mkononi.

“Mama Nyota,” akamwita mama yangu, kwa kuwa Nyota ni mimi, “muti yako iko nageuka.”

“Inageuka kwenda wapi?”

“Mi sijui. Lakini muti haigeuke bure. Chini kuko kitu.”

Inabidi mjue tunavyoishi huku. Kolwezi kila mtu ni mhandisi wa madini, hata muuza nyanya. Na miti ni barua tunayosomeana. Kuna kimea kidogo cha maua ya zambarau kinachoota penye shaba tu. Ukikiona, unaulizia mwenye shamba. Mahali ambapo miti mirefu inakataa kuota na nyasi zinabaki fupi, watu huenda kupima kwa macho. Mambo hayo ni ya kweli, wazee wa mababu walifuata mimea hiyo hiyo wakayeyusha shaba kabla kampuni yoyote haijazaliwa. Tena siku zile zilikuwa za homa: habari zilitufikia kila wiki za fulani aliyechimba choo akakutana na jiwe jeusi, na mwezi uliofuata akaonekana na pikipiki mpya. Kwa hiyo mtu wa Musonoi akiona mti mmoja unatoa rangi mbili, haulizi ni maua ya aina gani. Anauliza mzizi umefika wapi.

Mama Bijou alibeba makaa yake nyumbani, na habari akaibeba mbali zaidi. Kufikia jioni Trésor alikuwa langoni petu.

Trésor alikuwa kijana wa wale wachimbaji wa mikono, ambao sisi tunawaita creuseurs. Alitoka Kasai, alikuwa mrefu, mpole, na alivaa taa ya kichwani hata mchana, kama wengine wanavyovaa msalaba. Alikuja na wenzake wawili. Akakizunguka kichaka mikono nyuma, polepole, kama daktari aliyekwisha kuijua dawa lakini anataka ndugu za mgonjwa waone kazi yake.

“Mama,” alisema mwishowe, “rangi ya rose, ile ni ya cobalt. Cobalt ya kawaida. Sasa tawi ikikuwa nyeupe, ni kusema muzizi yake imefika pa nguvu. Imechomwa.”

“Imechomwa na iko nachanua?”

“Iko nachanua juu ya kuchomwa. Kama mutu mwenye kulewa, anacheka.”

Wenzake waliitikia kwa vichwa. Mama alifuta mikono kwenye kitenge chake, akavuta kibao, akakaa. Nilimjua: Mama akikaa, bei imeshaanza.

Trésor alipendekeza mifuko minne iwe yao na mmoja wetu. Mama akamuuliza lupango ni la nani. Lenu, Mama. Na mikono ni ya nani? Yetu. “Basi ni nusu,” alisema Mama. “Mukono bila lupango itachimba hewa.” Wakavutana mpaka unga wa mikate ukaumuka na kumwagika nje ya beseni, na hakuuangalia. Akapata nusu. Kisha akaweka sharti lake la pili, na sauti yake ikabadilika kidogo, ingawa wakati ule nilidhani ni vumbi.

“Kivuli ya ile maua, saa sita ya muchana. Jembe isiingie ndani.”

Trésor aliangalia jua, akaangalia kichaka. “Saa sita kivuli inakuwa kadogo, Mama.”

“Njo maana nasema saa sita. Ningesema saa kumi, mungeenda kuchimba ku Dilala.”

Walicheka wote, wakapeana mikono. Mama alikula usiku ule kwa furaha ya muuzaji aliyempiga mtu wa Kasai kwa bei. Nami nilijivuna kuwa mtoto wake. Kesho yake saa sita kamili walichora mstari kwa kijiti kuzunguka kivuli, Mama amesimama juu yao, kisha hatua chache kutoka hapo, kati ya jikoni na choo, wakatandaza turubai la rangi ya chungwa juu ya miti minne na kuanza kushuka.

Sharti la tatu lilikuwa lao, na halikujadiliwa: mwanamke asikaribie shimo. Madini hukimbia. Akikanyaga ukingo mwanamke, jiwe linashuka chini zaidi au linageuka udongo. Hilo nalo kila mtu huku analijua, na Mama, ambaye alipima nyama kwa mkono wake mwenyewe kwa kutoiamini mizani ya bucha, alilikubali bila neno. Basi kazi ikawa yao na masikio yakawa yetu. Mimi na mdogo wangu tulicheza harusi upande wa mlango kwa maua ya waridi na meupe, na chini ya turubai tulisikia jembe, nyundo, kikohozi, na kamba ya ndoo ikilia kwenye mti.

Shimo lilishuka wima mpaka sauti zikawa kama za watu walio ndani ya mtungi. Udongo mwekundu ukatoka, kisha wa manjano. Halafu siku moja sauti ikaanza kutembea.

Tulikuwa jikoni, sisi watatu. Mama alikuwa anasonga bukari, ugali wetu, sufuria ameibana kwa miguu, mwiko unazunguka. Kwanza tulizoea kusikia nyundo kutoka upande wa choo. Siku hiyo ilikuja kutoka chini yetu, ngoo, ngoo, mpaka maji katika kikombe changu yakatetemeka. Baadaye kidogo ikapita jikoni, ikaenda mbele, ikasimama mahali pamoja. Ngoo. Ngoo. Mwiko wa Mama ulisimama nao.

“Mama,” nilisema, “beko chini ya maua.”

Mama alitega kichwa. Alisikiliza kwa muda mrefu, akitazama ukutani kana kwamba angeona kupitia matofali. Nilisubiri ainuke. Mkataba ulikuwa wake, mstari ulikuwa bado pale nje, umechorwa vizuri, hakuna jembe lililouvuka. Walikuwa wamepita chini yake. Mama yangu, ambaye hakuna mtu aliyewahi kumdanganya hata kikonzi cha chumvi, alikuwa amepatana juu ya ardhi na watu wanaofanya kazi chini ya ardhi.

Lakini hakuinuka. Alimega tonge la bukari, akaliweka kwenye sahani yangu, akanimiminia sombe, kisamvu chetu, pembeni.

“Kula,” alisema.

Sikumwelewa, na mtoto asipoelewa hula. Nyundo iligonga siku ile, na kesho yake, na zilizofuata, mahali palepale. Mama alikaanga mikate. Jioni alimwagilia kichaka maji mengi kuliko kawaida, hata kile kikombe cha mwisho cha ndoo, akisimama pale ndoo ikiwa tupu.

Mvua ya kwanza ilikuja mchana, baada ya shule. Trésor na wenzake walitoka mbio chini ya turubai wakajibana kwenye baraza letu, wamejaa udongo, na Mama akawapa mikate. Walikuwa bado wanatafuna tuliposikia kitu kama mtu mnene akishusha pumzi. Bugenvilia ikashuka. Haikuanguka, ilishuka wima, na maua yake yote, taratibu, kama mama mkubwa anayekaa kwenye kigoda, ikasimama kiunoni, ikafikiri, kisha ikaenda yote. Matawi yaliyoshika bati yalikatika moja moja. Ukuta wa choo uliona mfano ukafuata.

Trésor hakuangalia shimo. Aliwaita wenzake kwa majina, nao walikuwa karibu naye, mabega yanagusana, lakini aliwaita hivyo hivyo, na kila mmoja akaitika. Kisha akavua ile taa ya kichwani na kuishika mbele ya kifua. Mvua ilinyesha juu ya waridi na juu ya nyeupe. Mama alisimama mlangoni, mlango ambao sasa ulikuwa mlango tu.

Walikuwa wametoa mfuko mmoja wa mawe meusi waliyoyaamini. Trésor aliupeleka kwa wanunuzi, wakauelekezea mashine yao ya kupimia madini, na mashine ikasema ni udongo. Alirudi nao mabegani, ingawa angeweza kuumwaga njiani, akamimina nusu mbele ya Mama. “Nusu ni nusu,” alisema, bila kumtazama usoni. Mama Bijou, ambaye alikuwa ameshaanza kuulizia fungu lake la kugundua, aliposikia habari ya mashine alisema siku zote yeye alijua ni maua tu, na toka hapo akawa anaomba makaa nyumba ya pili.

Tata alifika Jumamosi. Nilimwona kwa mbali akija na mfuko wake wa makala, makaa ya kupikia, begani, akitembea kama kawaida, kisha akapunguza mwendo. Alikuwa anatafuta rangi. Alipita nyumba yetu kidogo, akarudi.

Aliweka makala chini, akachutama ukingoni. Shimo lilikuwa na maji ya manjano, na matawi machache yalitokeza juu, bado yana maua. Trésor alikuwa pale, alikuwa anakuja kila siku kulifukia bila kuombwa. Akasimama na koleo lake.

“Mulikuwa munatafuta nini?” aliuliza Tata.

Trésor akamweleza yote: ya waridi, ya nyeupe, mzizi kuchomwa. Aliyaeleza kwa heshima, akimwita Tata, na kila alivyoendelea sauti ilimshuka. Tata alinyoosha mkono akakata kitawi kimoja kilichokuwa na rangi zote mbili.

“Ile ya Tenke iko hivi tangu nilifika,” alisema. “Ni aina yake. Kuko ya manjano, kuko ya chungwa, kuko yenye majani mabaka. Na kuko hii, ya rangi mbili. Chini ya ile ya Tenke hakuna kitu. Kuko nyumba ya kuku.”

Trésor alikaa chini juu ya udongo wake. Tata akaanza kucheka, kicheko chake kile cha tumbo, nasi watoto tukacheka kwa kumfuata, mpaka alipogeuka kumtazama Mama mlangoni, na Mama hakuwa anacheka.

“Ungeniuliza,” alimwambia taratibu.

“Ulikuwa wapi,” alisema Mama, “nikuulize?”

Hakupandisha sauti. Alisema kama anayeuliza saa. Tata alibaki na kile kitawi mkononi. Wakaangaliana muda ambao mtoto hupenda kuukatiza kwa kuomba maji, nami nikaomba maji, na Mama akaenda kunichotea.

Jumatatu Tata alirudi Tenke. Walikuwa wamelifukia shimo yeye na Trésor, wakajenga upya na ukuta wa choo, si vizuri sana. Aliendelea kuja mwisho wa mwezi, na makala, na samaki wa kukauka, lakini hakuleta tena kijiti kwenye kopo, na Mama hakumwomba. Mahali pale Mama alipanda lenga-lenga, mchicha wa kwetu. Zilistawi sana, udongo ulikuwa umepinduliwa vizuri. Nikiwa sekondari Tata aliugua kule kule, akafa, na treni iliyomleta mara hiyo ya mwisho ilifika kwa wakati.

Miaka yote niliyahesabu haya kama hasara ya biashara. Mama alikosea mkataba, alishindwa na vijana, akaona haya kukiri, akanyamaza. Hata nilipofungua meza yangu ya bitenge nilijifunza kutokana na kosa lake: ukipatana na mtu, muulize atapitia wapi. Nilijiona nimefaidi.

Sasa Mama anaishi na mimi hapa Dilala. Mwaka jana tulikuwa tunamenya karanga, yeye upande wake wa ungo na mimi wangu, nikamuuliza kama mzaha kwa nini siku ile ya nyundo hakwenda kuwafokea. Hakuacha kumenya.

“Nilisikia,” alisema. “Nilisikia kuliko weye.”

“Sasa juu ya nini ulinyamaza?”

“Wangekuta kitu, Tata yako angerudia ku nyumba. Angefungua ka boutique pale mulangoni, angeuza sabuni, angezeeka na miye.” Alipepeta maganda kwa mkono. “Maua haiko bwana, mutoto wangu.”

Basi. Nilikaa na karanga zangu. Nilikumbuka zile ndoo za maji alizokuwa akimwaga pale jioni, wakati nyundo inagonga chini, na jinsi alivyobaki amesimama. Alikuwa anaaga. Kitu pekee Tata alichompa cha kukaa naye badala yake, alikiweka mezani chote, kwa macho wazi, ili ampate mwenyewe. Na alipokuja mwenyewe, amelichekea lile shimo, hakukuwa na namna ya kumwambia bei aliyokuwa ametoa. Nafikiri Tata aliielewa nusu, pale alipobaki na kitawi mkononi. Nusu ya pili sijui. Watu wale wawili walipendana kwa miaka mingi kwa ratiba ya treni ya mizigo.

Tangu siku ya karanga nimekuwa na wazimu mdogo. Nimenunua bugenvilia kwa kila muuza miche wa barabarani: nyekundu ya damu, ya chungwa, ya manjano, ile yenye majani ya mabaka ya krimu, ile yenye maua yaliyojaa mikunjo kama sketi ya bibi harusi. Uzio wangu sasa watu wa pikipiki wanautumia kuelekezana. Mama anaipita yote, anasema, “Ni muzuri,” kama anavyomwambia mtoto wa jirani aliyepita mtihani. Ya rangi mbili hakuna anayeiuza. Kila mmoja anasema ataileta kesho.

Ndipo nikaenda Tenke. Nyumba ya reli bado ipo, na nyuma yake, juu ya banda la kuku, kichaka kipo, kikubwa kuliko nyumba, nyeupe na waridi vimechanganyikana mpaka macho yanauma. Anayekaa pale ni mama mmoja wa makamo, alinikuta nimesimama uani kwake kama deni.

“Unatafuta nani?”

“Natafuta muti.”

“Ya dawa?”

“Ya maua.”

Alinipima toka viatu. “Mutu anatoka Kolwezi kufwata maua. Na bako nasema ku Kolwezi kuko kazi.”

Nilitoa kwenye kikapu mche wa manjano niliokwenda nao, naye akatoa kisu, na akanikatia matawi yale yale niliyomwonyesha, yenye rangi zote mbili kwenye uti mmoja. Nilirudi nimeyashika mapajani, yamefungwa kwa gazeti bichi, katika gari lililojaa watu wa mgodi, na hakuna aliyenicheka.

Moja limeshika. Nimelipanda kando ya mlango, upande linapopata jua la asubuhi. Kiangazi hiki limechanua kwa mara ya kwanza, na limechanua waridi tupu. Kila ncha, waridi. Mama sasa anatoa kiti chake kila asubuhi na kukaa mbele yake. Anasema anaota jua, ila jua liko upande mwingine. Anasogeza matawi kwa fimbo, taratibu, anatazama na ya chini, kisha anakaa tena. Hajaniuliza chochote. Miguu imeanza kumvimba, na daktari akizungumzia mwaka ujao huzungumza na mimi, si na yeye.

Kuna kijana muuza miche kwenye njia ya kwenda sokoni ambaye anajua kupandikiza. Anayo bugenvilia nyeupe, na ananiambia atachomeka kijiti chake kwenye shina letu upande wa nyuma, afunge kwa plastiki, na kiangazi kijacho kitachanua na hakuna atakayejua. Nimepatana naye bei na bado sijamwita. Mama alijua nyama pungufu kwa kuigusa. Sijui kama nitamdanganya kwa tawi, wala sijui kama akigundua itamuuma au atacheka. Ninyi mnaoyatunza maua haya, nishaurini, na msichelewe. Tawi jeupe huja lenyewe baada ya misimu mingapi? Na kama angekuwa ni mama yako anayekaa pale na fimbo, ungesubiri, au ungemwita kijana?